Ardith Hakaangi Tena

Tangu Ardith aolewe na Verlin Kessinger, kila samaki aliyevuliwa na wanaume wa ukoo ule alipitia mikononi mwake. Wao walivua, yeye alikaanga. Walirudi kutoka mtoni na ndoo zao, wakazitua kwenye baraza la nyuma, wakanawa kwa mpira wa bustani na kuvuta viti. Yeye alipara magamba, akatoa matumbo, akakata vichwa, akawagaragaza kwenye unga wa mahindi uliotiwa chumvi na pilipili manga, kisha akawatia kwenye kikaango kizito cha chuma alichoachiwa na mama yake. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ua wa mbao tu. Mafuta yakianza kulia kule kwake, mimi huku nilijua Jumamosi imefika, nikaanza kukatakata kabichi, kwa sababu hawakuwa wakila bila kuniita.

Usidhani alikuwa mwanamke laini. Alikuwa dereva wa basi la shule, lile linalozunguka barabara za vumbi upande wa vilimani, na hakuna mtoto aliyemchezea. Siku moja vijana wawili wakubwa walipigana kwenye viti vya nyuma. Ardith hakupaza sauti. Alisimamisha basi kando ya malisho ya ng'ombe, akazima injini, akatoa gazeti la mapishi na kuanza kusoma. Wenzao ndio waliowalazimisha waombane radhi, maana njaa ilikuwa imewashika, na mama yule alionyesha wazi kwamba bado ana kurasa nyingi mbele yake. Mmoja wa vijana wale sasa ni polisi hapa Pell Ford, na mpaka leo akikutana naye huvua kofia.

Lakini nyumbani ukali ule aliuvua pamoja na koti akautundika mlangoni. Verlin si mtu mbaya. Ni fundi wa kulehemu, mtu wa kimya, anayependa mambo ya leo yaende kama yalivyokwenda jana. Mwenye kauli katika ukoo ule alikuwa kaka yake, Royce. Royce ndiye aliyekuwa na mashua, ndiye aliyekuwa na kicheko kikubwa, ndiye aliyeamua watu wavue wapi na wale saa ngapi. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yake Ardith aliomba achukuliwe mtoni, siku moja tu. Royce alimjibu kwamba mashua ina nafasi ya wanaume wawili na bia zao, na kwamba shemeji mwenye mkono mzuri wa jikoni hafai kuloweshwa. Verlin akacheka. Ardith naye akacheka, akarudi jikoni, na hakuomba tena.

Yule samaki alikuja kwenye ndoo ya chambo. Verlin alikuwa amevua samaki-jua wadogo kijitoni, wale wanaotungwa hai kwenye ndoana ili kunasa kambare wakubwa. Ardith alitoka kumwaga maji ya vyombo, akachungulia ndoo ile, akabaki ameinama. Kati ya wadogo wale wa rangi ya matope kulikuwa na dume mmoja, ukubwa wa kiganja cha mtoto, tumbo lake la rangi ya chungwa kama kaa linalowaka. Ubavuni alinyunyiziwa madoa ya rangi ya feruzi, na mashavuni alikuwa na mistari ya buluu iliyopindapinda kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Nyuma ya kila shavu kilichomoza kipande cheusi kirefu chenye ukingo mweupe, mfano wa sikio. Hapa kwetu tunawaita masikio-marefu, na kila mtu amewahi kuwala. Ardith alikuwa amekata vichwa vyao maisha yake yote. Lakini walipofika mezani kwake walikuwa wameshakufa, na samaki-jua akifa rangi humtoka kama kitambaa kilichochuja. Hakuwahi kumwona mmoja akiwa hai, tena akiwa na hasira.

"Huyu ni wangu," alimwambia Verlin.

Verlin akamuuliza wa kufanyia nini. Ardith akasema bado hajui, akamchota kwa bakuli la saladi na kuja naye moja kwa moja hadi mlangoni kwangu, maji yakimwagikia viatu.

Gerejini kwangu kulikuwa na tangi la kioo ambalo marehemu mume wangu alimfugia kobe. Tulilisugua pamoja mchana ule, tukatandika changarawe tuliyochota kijitoni, tukaweka mawe mawili bapa na gogo lililooza nusu. Verlin alikubali kwa sharti moja, kwamba tangi likae chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia, mahali ambapo wageni hawafiki.

Yule dume alichukia kila kitu. Chakula kikavu cha dukani alikionja na kukitema, akakitazama kinavyozama, akatutazama sisi. Kwa hiyo Ardith akawa anachimba nyungunyungu nyuma ya banda la kuku wangu. Alipotia mkono kusafisha kioo, samaki alikuja mbio na kumwuma kidole. Ni mdomo mdogo usioweza kutoa hata damu, lakini aliuma kwa dhati, akarudi nyuma, akafunua mapezi yote na kusubiri raundi ya pili. Kuanzia siku hiyo Ardith alikuwa wake. Baada ya kuwafikisha watoto shuleni asubuhi, na kabla ya kwenda kuwachukua mchana, alishuka kule chini na kahawa yake, akageuza ndoo kuwa kiti, akakaa mbele ya kioo.

"Mtazame, Twila," aliniambia. "Hajui kwamba ni mdogo. Hakuna aliyewahi kumwambia."

Royce alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. Akawa kila akiingia haulizi hali ya mtu, anauliza hali ya samaki. "Verlin, ndugu yangu, una mume mwenza chini ya nyumba," alisema. "Na anavaa vizuri kukuzidi." Jina likashika. Akija na ndoo Jumamosi utamsikia, "Shemeji, mume mdogo amekula?" Ardith alijibu kwamba amekula, asante, na kuendelea kupara magamba. Nilimwuliza kama jina lile halimuudhi. Akasema maneno ya Royce ni kama redio ya jirani, hata usipoisikiliza unaisikia.

Ili nisimwonee Verlin niseme pia hili: yeye mwenyewe ndiye aliyemletea majike wawili. Alirudi nao siku moja kwenye mtungi wa kachumbari, akauweka mezani, akaenda kuoga. Majira ya kuchipua yalipofika na maji yakapata joto kidogo, dume akaanza kazi. Alisimama kiwimawima juu ya changarawe akaipiga kwa mkia mpaka akachimba bakuli la duara, safi, hata punje moja ya uchafu haikubaki. Jike mmoja akaja akazunguka naye. Asubuhi moja Ardith alinigongea akiwa bado na sare ya kazi, akaniambia nishuke haraka. Mayai yalikuwa yameshikamana na changarawe kama chembe za sukari, na dume alikuwa juu yake anayapepea, akiacha tu pale alipohitaji kumfukuza mtu. Alinifukuza mimi, alimfukuza Ardith, aliifukuza hata ndoo.

Hiyo ilikuwa wiki ya sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, mwishoni mwa Mei, ambapo ukoo mzima wa Kessinger hukutana uani kwa Verlin. Asubuhi watu hupeleka maua makaburini, mchana hula samaki. Mwaka ule Ardith alipangiwa kuwaendesha watoto wa bendi ya shule hadi makaburini, kwa hiyo alichelewa kurudi. Alipofika alikuta Royce na Verlin wameshapara samaki wote wenyewe, wamewakata vichwa na kuwapanga kwenye beseni. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu aolewe. Alifurahi. Aliwashukuru mbele yetu sote, akavaa aproni, akawasha jiko la gesi pale barazani na kuanza kukaanga.

Tulikaa kwenye meza ndefu, mimi na kabichi yangu, shangazi wawili kutoka mjini, Royce na mkewe Imogene, mwanamke aliyezoea kuwaomba watu radhi kwa ajili ya mumewe. Kulikuwa na maharage meupe, mkate wa mahindi na chai ya barafu. Royce aliinuka mwenyewe akachagua kipande kwenye sinia, kidogo kilichoiva vizuri, akamwekea Ardith kwenye sahani. "Shemeji, umefanya kazi tangu asubuhi. Huyu mdogo mtamu ni wako."

Ardith alikula. Alikuwa amefika nusu Royce alipoegemea meza na kumwuliza ladha yake ikoje. Akasema ni nzuri, kama siku zote.

"Basi kashuke chini," Royce akasema, "ukamwangalie mume mdogo kama yupo."

Meza ililipuka. Shangazi wale walicheka bila kujua wanacheka nini. Imogene peke yake aliziba mdomo kwa mkono. Ardith hakumtazama Royce. Alimtazama Verlin, na mimi nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliona alichokiona: Verlin alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Alishuka. Nilimfuata. Maji yalikuwa bado yametibuka, kifuniko kilikuwa sakafuni, na dume hakuwemo. Bakuli la changarawe lilikuwa limevurugwa, na wale majike wawili, ambao dume hakuwaruhusu hata kusogea pale, walikuwa wameinamisha vichwa wanadonoa mayai. Ardith aliwatazama mpaka wakamaliza. Uso wake sikuweza kuusoma. Ulikuwa uso ule wa kwenye basi, injini ikiwa imezimwa.

Tuliporudi juu watu walikuwa wanamaliza kicheko. Alikwenda kwenye jiko, akafunga gesi, vipande vya samaki vikiwa vimeiva upande mmoja tu. Akakizungushia kikaango aproni yake na kukiinua.

"Mimi sikaangi tena samaki," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kituo kinachofuata. "Si leo wala mwakani. Mwenye hamu aende akakaange kwake."

Royce akanyoosha mikono. "Shemeji, ni samaki. Umekata vichwa vya samaki kama yule tangu sijaota mvi. Leo ndiyo unalia?"

"Silii," Ardith akasema. "Wale mlinipa. Huyu mlinichukulia."

"Nitakuletea mwingine. Kijito kimejaa."

"Usiniletee kitu."

Akanikabidhi kikaango, cha moto, mafuta yakiyumba ndani. Akaniambia nikakiweke kwangu. Ile nusu ya samaki iliyobaki kwenye sahani aliifunga kwenye kitambaa, akatwaa jembe na kwenda kuizika chini ya waridi. Imogene aliinuka mezani akamfuata, akasimama pale na mikono yake mbele, kama watu walivyosimama makaburini asubuhi. Sisi wengine tulikula maharage.

Siku iliyofuata Verlin akiwa kazini, Ardith aliniita tukalibebe tangi. Tulilipunguza maji, tukawatia majike kwenye ndoo, tukalipandisha ngazi hatua kwa hatua huku tukitukana. Sebuleni, dirishani, palikuwa na kabati, na juu ya kabati lilisimama jisamaki kubwa alilolivua Royce zamani na kumzawadia mdogo wake, limejazwa pamba, limepakwa vanishi, lina jicho la kioo. Ardith alilitoa akalipeleka chini, akaliweka juu ya mashine ya kufulia.

"Aliyekufa akae chini," alisema. "Walio hai wakae juu."

Verlin aliporudi alisimama mlangoni na kisanduku chake cha chakula mkononi. Akasema pale ndipo anapokaa kutazama mpira. Ardith akamjibu kwamba akae tu, kiti kiko palepale, hakuna aliyemzuia. Verlin akasema Royce atauliza samaki wake yuko wapi. Ardith akasema akiuliza aje aulize kwake. Kisha akatandika meza: supu ya kuku, mkate, maboga ya kuoka. Aliendelea kumpikia mumewe kila siku, na kumpikia vizuri, ila chochote chenye magamba hakikuingia jikoni mwake.

Jumamosi hiyohiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikata leseni ya uvuvi, akavaa suruali ya mpira ya Verlin ya kuingilia majini, iliyomfika kwapani na ikabidi aifunge kwa kamba, akachukua fimbo ndogo ya kuvulia ya mtoto na kopo la nyungunyungu. Nilimsindikiza nikakaa juu ya jiwe. Alikuwa ameminya ncha ya ndoana kwa koleo ili isimchane samaki mdomo. Alianguka mara kadhaa, maji yakamwingia kiunoni, akainuka akatupa ndoana tena. Alipata wengi, akawatazama mmoja mmoja na kuwaachia. Mwishowe alipata dume mweusi kidogo, sikio moja limechanika, mashavu yamevimba kama ya bondia mstaafu. Alipomshika alimpiga mkia usoni.

"Huyu anafaa," Ardith akasema, akipangusa maji.

Tulikuwa tunapanda ukingo pale darajani pikapu ya Royce ilipopunguza mwendo. Alitoa kichwa dirishani akaitazama ile suruali, akaitazama ndoo.

"Shemeji, umeingia kazini kwetu?"

"Sikuona mlango, Royce," Ardith akasema. "Nimekuta maji tu."

Nilidhani angecheka. Alipandisha kioo akaondoka.

Kiangazi kile mji ulipata la kusema. Verlin alijaribu kukaanga mwenyewe mara moja. Samaki waliungua nje, ndani walikuwa wabichi, na kuku wangu ndio waliofaidi. Royce naye aliwasha moto kwake, akaona kwamba kwa miaka yote alikuwa akijua kula tu. Kwenye mkahawa wanaume walimtania Verlin kwamba amefukuzwa na samaki. Mke wa mchungaji alimtembelea Ardith na keki ya ndimu, akamkumbusha habari ya kusamehe. Ardith alimkatia kipande cha keki yake mwenyewe, akamwambia, "Nimeshamsamehe Royce. Lakini sikaangi." Mama mchungaji akasema kwamba mtu akisamehe huwa anarudi kama zamani. Ardith akasema yeye hataki kurudi kama zamani, zamani hakukuwa kwema.

Kuna asubuhi moja mtu alimwachia kopo la dagaa kwenye ngazi ya basi lake, pale kwenye maegesho ya shule ambapo madereva wenzake walikuwa wamesimama na kahawa. Nilikuwa nimempelekea miwani aliyoisahau, kwa hiyo nililiona. Wanaume wale walijifanya wanatazama mawingu. Ardith akaliokota kopo, akalifungua, akatoa biskuti za chumvi kwenye mkoba wake, akaketi kwenye ngazi akala dagaa mmoja baada ya mwingine mbele yao. Sikuwa nimemwona akila samaki tangu siku ile. Lakini alimaliza kopo, akafuta vidole.

"Sikusema sili," akawaambia. "Nilisema sikaangi."

Halikuja kopo jingine.

Yule dume mpya, huku nyuma, aliitawala sebule. Ukimpita kwenda jikoni alikusindikiza kwa upande wa pili wa kioo mpaka umetoka katika eneo lake. Verlin alianza kwa kumpa mgongo. Kisha kiti chake kikawa kinasogea kidogo kila wiki. Ardith aliona alama za miguu ya kiti kwenye zulia. Kazini kwao walipunguziwa saa za kazi msimu wa majani kudondoka, hivyo Verlin akawa anabaki nyumbani peke yake asubuhi. Siku moja Ardith alirudi mapema akamkuta ameinama mbele ya tangi, ameshika nyungunyungu kwa ncha ya vidole, samaki anaruka kumnyang'anya. Verlin aliona haya kama aliyekutwa akicheza peke yake.

Jumapili moja baada ya kanisa, wakiwa wamekaa pale sebuleni, alisema bila kugeuza kichwa, "Nilicheka."

"Nilikuona," Ardith akasema.

"Sikujua kama atamtoa. Alimtoa nikiwa nimekwenda kununua barafu. Nilipojua, ulikuwa umeshaanza kukaanga." Macho yake yalikuwa kwenye tangi. "Ningeweza kusema."

"Ungeweza."

Ndivyo Ardith alivyonisimulia, na nilipomwuliza kama alimwambia kwamba basi, yamekwisha, alinishangaa. Kwa nini amwambie yamekwisha? Alimwachia akae nalo. Kisha akampikia kahawa, kwa sababu ilikuwa saa ya kahawa.

Mwezi Mei ulipokuja tena, watu wa ukoo wakaanza kuulizana sikukuu itakuwaje. Ardith akasema itakuwa kama kawaida, uani kwake, wote wanakaribishwa. Tulipika siku mbili, maharage, nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi vya siki, pai za mabua machachu ya rubabu. Meza haikuwa na mahali pa kuweka glasi. Royce alifika wa mwisho kama ambaye hakuna lililowahi kutokea, amebeba kisanduku cha barafu begani, Imogene nyuma yake na mkate wa mahindi. Alipita katikati ya watu moja kwa moja kuelekea mlango wa jikoni. Ardith alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu, Royce," alisema. "Kisanduku kibaki kwenye gari."

"Shemeji, sikuombi ukaange. Nitakaanga mimi. Nipe jiko tu."

"Kaanga kwako."

"Hii sikukuu ya ukoo wetu tumekula samaki tangu enzi ya baba yetu. Wewe umekuja ukatukuta tunakula samaki."

"Nimekuja nikawakuta mnakula," Ardith akasema. "Aliyekuwa anakaanga alikuwa mama yenu, na baada yake mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa."

Barafu iligongana ndani ya kisanduku. Royce alimgeukia mdogo wake aliyekuwa amekaa kwenye kichwa cha meza. Alimwuliza kama amesikia jinsi mkewe anavyomsimamisha kaka yake mlangoni kama mchuuzi. Verlin aliinuka taratibu. Nimemjua Verlin miaka mingi, na miaka yote hiyo akisimama ilikuwa ni kumpisha Royce.

"Kaka," alisema, "jiko ni lake."

"Na nyumba?"

Verlin alifikiri. "Na nyumba."

Royce alitusubiri mmoja wetu acheke. Hakucheka mtu. Akakizungusha kisanduku begani na kurudi kwenye pikapu, akamwita mkewe. Imogene alikuwa ameshaweka mkate wake mezani na kuvuta kiti. Aliita tena. Imogene, bila kuinua macho, akasema yeye ana njaa, atarudi na Twila. Akajipakulia maharage. Pikapu ikaondoka ikirusha kokoto, na Ardith akaanza kugawa nyama. Kisha akakaa. Akala sahani mbili.

Kiangazi kile yule dume wa sikio lililochanika alilea watoto wake mpaka wakaogelea. Ardith aliwahamishia vifaranga kwenye beseni kubwa la plastiki uani, wakakua hadi urefu wa kidole. Kuwarudisha kijitoni hakutaka, kwa kuogopa kupeleka maradhi ya tangini kwa walio huko, kwa hiyo akawa anatafuta watu wa kuwapa. Mwalimu wa darasa la tatu alichukua watatu. Kisha mchana mmoja Imogene alikuja kwa miguu, njia yote kutoka upande wa pili wa mji, ameshika ndoo yenye kifuniko. Alisema anataka wawili, na aelezwe wanakula nini. Ardith akamwuliza atawaweka wapi. Imogene akasema sebuleni, dirishani, tangi ameshanunua.

"Royce anajua?" nikauliza mimi, maana sikuweza kujizuia.

"Atajua akiingia," Imogene akasema.

Royce hajawahi kumwomba Ardith radhi, na Ardith hamngoji. Wakikutana dukani husalimiana kuhusu hali ya hewa. Mashua yake nasikia inauzwa. Ardith bado anaendesha basi lake, na Verlin akizidiwa na hamu ya kambare huenda kumla mkahawani mjini siku ya Ijumaa, peke yake, kisha hurudi nyumbani akiwa amefuta mdomo vizuri.